Jumla ya Nambari Zinazofuatana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jioni baada ya Isha huwa nakaa na wanafunzi kwenye daka la nyumba yetu, yaani baraza ya mlangoni, Lamu mjini, tukifanya hesabu. Mada moja hurudi kila muhula: kujumlisha nambari zinazofuatana. Wanafunzi huja na kanuni wameikariri kama wimbo, lakini swali likigeuzwa kidogo, kanuni inawatoka. Maswali yaliyomo humu yameulizwa na wao, na wazazi wao, na watu wazima waliopita wakasimama kusikiliza. Nimejaribu kuyajibu kama ninavyoyajibu pale barazani, kokwa za tende zikiwa mbele yetu.

Nambari zinazofuatana ni zipi hasa?

Ni nambari nzima zinazopandana moja moja bila kuruka: 1, 2, 3, 4, au 58, 59, 60. Hazilazimiki kuanzia moja. Zikiruka kwa hatua sawa, kama 5, 10, 15, hizo zina ndugu wa kanuni yetu, na tutafika.

Kanuni yenyewe ni ipi?

Kujumlisha kuanzia 1 hadi nambari yoyote, tuiite n: zidisha n kwa nambari inayoifuata, kisha gawanya kwa mbili.

1 + 2 + 3 + … + n = n × (n + 1) ÷ 2

Hadi 10: 10 × 11 ÷ 2 = 55. Hadi 100: 100 × 101 ÷ 2 = 5,050.

Tafadhali usiishie hapo. Kanuni isiyojulikana ilikotoka husahaulika wiki ya mtihani.

Basi inatoka wapi?

Chukua kokwa za tende, na maharagwe kiasi. Panga kokwa kama ngazi: safu ya juu kokwa moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, hadi ya tano. Umepata 1 + 2 + 3 + 4 + 5. Sasa tengeneza ngazi nyingine ya namna hiyo hiyo kwa maharagwe, lakini uipindue juu chini, uisogeze hadi ishikane na ile ya kwanza:

● ○ ○ ○ ○ ○
● ● ○ ○ ○ ○
● ● ● ○ ○ ○
● ● ● ● ○ ○
● ● ● ● ● ○

Tazama: ngazi mbili zimekuwa mstatili mmoja. Safu ni 5, na kila safu ina vitu 6, kwa sababu palipo na kokwa moja pana maharagwe matano, palipo na kokwa mbili pana manne, na kuendelea. Vitu vyote ni 5 × 6 = 30. Nusu yake ni kokwa, nusu ni maharagwe. Kokwa ni 15.

Ngazi ikiwa na safu n, mstatili una safu n zenye vitu n + 1. Hiyo ndiyo n × (n + 1). Na kile ÷ 2 kipo kwa sababu tuliazima ngazi ya pili, na lazima tuirudishe. Mwanafunzi mmoja wa darasa la saba alipofika hapa alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ile mbili ni deni." Tangu siku ile ndivyo ninavyoieleza.

Nikigawanya kwa mbili, je, sitapata nusu siku moja?

Hutapata kamwe, na sababu yake inapendeza. Nambari mbili zinazofuatana, moja lazima iwe shufwa na ya pili witiri. Maneno haya watoto wa Lamu wanayajua kutoka msikitini kabla hawajayasikia darasani: raka mbili za shufwa, kisha moja ya witiri. Shufwa ina mwenzake, witiri iko peke yake. Sasa kati ya n na n + 1 daima mmoja ni shufwa, na shufwa inagawanyika kwa mbili bila baki. Kwa hiyo gawanya ile shufwa kwanza, kisha ndipo uzidishe. Kazi inakuwa nyepesi. Hadi 37: usizidishe 37 × 38, bali fanya 37 × 19 = 703.

Je, ni kweli kanuni hii iligunduliwa na mtoto wa shule?

Mtoto anayetajwa ni Carl Friedrich Gauss, aliyekuja kuwa mwanahisabati mkubwa, aliyezaliwa Brunswick, Ujerumani, mwaka 1777. Hadithi inasema mwalimu aliwapa wanafunzi hesabu ndefu ya kujumlisha, na kabla wenzake hawajaanza vizuri, Gauss alikwisha kuweka ubao wake mezani ukiwa na jibu moja tu.

Hadithi hiyo iliandikwa na rafiki yake, Wolfgang Sartorius von Waltershausen, katika kitabu cha maisha ya Gauss kilichotoka mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya Gauss kufariki. Humo haikutajwa kwamba nambari zilikuwa 1 hadi 100. Hilo liliongezwa na wasimulizi wa baadaye. Ninaamini jambo lenyewe lilitokea, kwa sababu mtu yule alifanya makubwa kuliko hayo. Ila kugundua kanuni, hapana, kanuni ilikuwepo zamani.

Aryabhata, mwanahisabati wa Bara Hindi, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 499: tafuta wastani, zidisha kwa idadi. Na kuna mkusanyiko wa mafumbo kwa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanachuoni aliyefariki mwaka 804, wenye fumbo la ngazi ya vidato 100: kidato cha kwanza ametua njiwa mmoja, cha pili wawili, cha tatu watatu, hadi cha mia njiwa mia. Je, njiwa ni wangapi? Jibu lake linaoanisha kidato cha 1 na cha 99, cha 2 na cha 98, kila jozi ikitoa njiwa 100. Jozi ni 49, wanabaki wale wa kidato cha 50 na cha 100 wasio na wenzao. 4,900 + 50 + 100 = 5,050. Karibu miaka elfu moja kabla ya Gauss kuzaliwa.

Nawaambia wanafunzi habari hii makusudi. Wakidhani kanuni ni ya kipaji cha mtu mmoja wa ajabu, wanaiogopa. Wakijua kwamba watu wa nchi mbalimbali waliifikia kila mmoja kwa njia yake, wanaona hata wao wanaweza.

Nambari zikianzia kati, mfano 37 hadi 64, nafanyaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloangusha wengi. Sahau n kwa sasa. Shika maneno haya: *wastani mara idadi*.

Nambari zinazofuatana zimejipanga sawasawa, kwa hiyo wastani wake uko katikati kabisa ya ya kwanza na ya mwisho. (37 + 64) ÷ 2 = 50.5. Idadi ni 28. Jumla ni 50.5 × 28 = 1,414.

Kwa nini inafanya kazi? Chukua 37 na 64: jumla 101. Ingia ndani hatua moja kila upande, 38 na 63: jumla bado 101, kwa sababu ulichoongeza huku umekipunguza kule. Jozi zote zina 101, na jozi ni 14. Ni kama watu 28 wenye mizigo tofauti wanaoamua kugawana sawa: mwenye mingi ampe mwenye michache, hadi kila mmoja abebe 50.5. Mzigo wa jumla haukubadilika.

Kanuni ya mwanzo ni mtoto wa hii. Kuanzia 1 hadi n, wastani ni (n + 1) ÷ 2 na idadi ni n. Zidisha, unairudia ile ile. Ndiyo maana nasema, mtu akinilazimisha nimfundishe moja tu, nitamfundisha wastani mara idadi.

Mbona idadi ni 28? Mimi nikitoa 37 kwenye 64 napata 27.

Naam, hapa ndipo maksi zinapopotea. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakikosea hapa mwaka baada ya mwaka, na hata mimi nilipokuwa kidato cha pili nililikosa swali la namna hii kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka.

Mtu aliyefunga Ramadhani kuanzia mwezi 10 hadi mwezi 20, siku zote mbili zikiwamo, amefunga siku ngapi? Wengi husema kumi. Hesabu kwa vidole: 10, 11, 12, 13, 14, 15, 16, 17, 18, 19, 20. Ni kumi na moja. Ukitoa 10 kwenye 20 unahesabu hatua, yaani mara ngapi umevuka kutoka siku hadi siku. Hatua ni 10, lakini siku ni moja zaidi, kwa kuwa ile uliyosimama mwanzo kabla hujavuka nayo ni siku.

Nenda gatini utazame nguzo zake. Kati ya nguzo sita kuna nafasi tano. Kutoa kunakupa nafasi. Swali linataka nguzo. Kwa hiyo idadi = ya mwisho − ya kwanza + 1. Hapa: 64 − 37 + 1 = 28.

Ukiwa na shaka, jaribu kwanza na nambari ndogo. Kutoka 3 hadi 5 ni ngapi? 3, 4, 5: tatu. 5 − 3 + 1 = 3. Umeshajihakikishia, endelea.

Mimi ni mfanyabiashara wa boriti. Hii itanisaidia nini?

Aliyeuliza alisimama pale mlangoni akiwa na haraka, nikamwomba dakika mbili. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, na korija ni 20. Tuseme mlundo umepangwa vizuri, kila tabaka lina boriti moja pungufu ya lililo chini yake. Chini kabisa ni 18, juu kabisa ni 7. Huna haja ya kushusha hata moja. Matabaka ni 18 − 7 + 1 = 12. Wastani wa tabaka ni (18 + 7) ÷ 2 = 12.5. Boriti ni 12 × 12.5 = 150, yaani korija saba na nusu.

Mti haujanyooka kama kalamu, na mlundo wa kweli una mapengo, kwa hiyo hesabu ya kuuziana bado ni ya mkono. Lakini mnunuzi akikuambia korija sita, unajua papo hapo kwamba kuna jambo.

Chama chetu cha akina mama tunataka kuweka akiba inayoongezeka kila wiki. Mwisho wa mwaka tutapata ngapi?

Wiki ya kwanza shilingi 50, ya pili 100, ya tatu 150, hadi wiki ya 52. Kila mchango ni 50 mara nambari ya wiki, kwa hiyo toa ile 50 nje: 50 × (1 + 2 + … + 52). Ndani ya mabano: 52 × 53 ÷ 2 = 1,378. Mara 50 ni shilingi 68,900 kwa kila mwanachama.

Ila mama zangu, tazameni wiki nne za mwisho: 49 + 50 + 51 + 52 = 202, mara 50 ni shilingi 10,100 ndani ya mwezi mmoja. Ikiwa mwaka wa chama unaishia Desemba, hapo ndipo ada za Januari zinanukia. Ushauri wangu ni kuanza kutoka juu: wiki ya kwanza 2,600, ya pili 2,550, mshuke hadi 50. Jumla haibadiliki hata senti, kwa sababu kujumlisha hakujali kipi kimetangulia. Kinachobadilika ni wakati wa uzito, na huo mnaweza kuuchagua.

Siku ya Idi tulikuwa watu 12 na kila mmoja alipeana mkono na kila mwenzake. Mikono mingapi?

Wa kwanza kuingia hakumkuta mtu. Wa pili alipeana mkono na mmoja, wa tatu na wawili, hadi wa kumi na mbili aliyepeana na 11. Ni 1 + 2 + … + 11 = 11 × 12 ÷ 2 = 66. Wakiwa 40, ni 39 × 40 ÷ 2 = 780. Hesabu ni hiyo hiyo kwa mechi za ligi ya mtaa ambapo kila timu inakutana na kila timu mara moja: timu 10, mechi 45.

Je, witiri peke yake, 1 + 3 + 5 + 7?

Jibu ni mraba kamili daima. 1 + 3 = 4, 1 + 3 + 5 = 9, ongeza 7 upate 16. Weka kokwa moja. Izungushie kokwa 3 upande wa kulia na chini, umepata mraba wa 2 kwa 2. Zungushia 5, mraba wa 3 kwa 3. Kwa hiyo witiri n za mwanzo zinatoa n × n.

Shufwa za mwanzo, 2 + 4 + 6 + … hadi shufwa ya n, zinatoa n × (n + 1). Ni ile ngazi yetu mara mbili, hivyo deni limejilipa lenyewe.

Na hatua yoyote iliyo sawa, kama 5, 10, 15, bado ni wastani mara idadi.

Nikipewa jumla, naweza kujua tulifika wapi?

Ndiyo. Zidisha jumla kwa mbili, kisha tafuta nambari mbili zinazofuatana zinazozaa hiyo. Jumla ikiwa 1,275: mara mbili ni 2,550, nayo ni 50 × 51. Tulifika 50. Kipeuo cha pili cha 2,550 ni kama 50.5, kwa hiyo kikokotoo kitakuonyesha pa kutafuta.

Jumla ikiwa 1,000, mara mbili ni 2,000. Lakini 44 × 45 ni 1,980 na 45 × 46 ni 2,070. Imepita katikati. Hakuna ngazi inayoanzia 1 yenye kokwa 1,000.

Kila nambari inaweza kuandikwa kama jumla ya nambari zinazofuatana?

Si kila nambari, na hapa hesabu inakuwa tamu. Chukua 30, idadi ya juzuu za Qur'ani. Inaandikika kwa njia tatu: 9 + 10 + 11, 6 + 7 + 8 + 9, na 4 + 5 + 6 + 7 + 8. Sasa jaribu 16. Jaribu mpaka uchoke. Haikubali, na 2, 4, 8, 32 na 64 pia hazikubali: zote zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili tupu.

Sababu: jumla mara mbili ni idadi × (ya kwanza + ya mwisho). Idadi ikiwa shufwa, ya kwanza na ya mwisho moja ni shufwa na moja witiri, basi jumla yao ni witiri. Idadi ikiwa witiri, witiri imeshapatikana. Kwa vyovyote, ndani yake lazima kuwe na kigawo witiri kikubwa kuliko moja. Lakini 16 mara mbili ni 32, na 32 haigawanyiki kwa witiri yoyote ila 1. Mlango umefungwa.

Kinyume chake pia ni kweli: hesabu vigawo witiri vya nambari vilivyo vikubwa kuliko 1, utajua ina njia ngapi, tukitumia nambari mbili au zaidi, zote kubwa kuliko sifuri. 30 ina 3, 5 na 15. Vitatu, njia tatu.

Kuna hasi ndani, mfano −3 hadi 5. Kanuni inavunjika?

Haivunjiki. Idadi: 5 − (−3) + 1 = 9, sifuri ikiwamo. Wastani: 1. Jumla: 9. Hakikisha: −3 inafutwa na 3, −2 na 2, −1 na 1. Zinabaki 4 na 5.

Na vipeo vya pili, 1 + 4 + 9 + 16?

Hapo wastani mara idadi hautumiki, kwa kuwa hatua si sawa. Kanuni yake ni n × (n + 1) × (2n + 1) ÷ 6. Vipeo vya tatu vina uzuri wake: 1 + 8 + 27 = 36, ambayo ni (1 + 2 + 3) mara yenyewe. Ni hivyo daima, na al-Karaji, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad karibu mwaka 1000, alilionyesha jambo hili kwa kuchora mraba na kuuvua tabaka baada ya tabaka.

Nimeona video inasema jumla ya nambari zote bila kikomo ni −1/12. Kweli?

Kwa maana tunayoitumia hapa, hapana. Ukiendelea kujumlisha 1 + 2 + 3 bila kusimama, jumla inapita kila nambari utakayoitaja. Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa Bara Hindi, alimwandikia mwenzake Mwingereza G. H. Hardy mwaka 1913 akitaja −1/12, lakini alikuwa akitumia maana nyingine ya neno "jumla", maana yenye masharti yake, inayofundishwa chuo kikuu. Usiiandike kwenye mtihani wa sekondari.

Mtihani wa hesabu ni kwa Kiingereza. Kwa nini unatufundisha kwa Kiswahili?

Kwa sababu nataka mfahamu kwanza. Mtoto aliyeona kwa macho yake ngazi mbili zikiwa mstatili, nikimpa neno la Kiingereza analipachika dakika hiyo hiyo. Aliyeanza na neno bila kuona kitu, anabaki na sauti tu. Kila kipindi tunamaliza kwa kuandika swali lile lile jinsi litakavyokuja kwenye karatasi, na hawashindwi.

Nipe mazoezi.

1. Jumlisha 1 hadi 200.
2. Jumlisha 25 hadi 75.
3. Nambari tano zinazofuatana zina jumla ya 365. Zitaje.
4. Sura za Qur'ani ni 114. Andika 114 kama jumla ya nambari zinazofuatana kwa njia zote.

Majibu: la kwanza 20,100. La pili 2,550. Ukipata 2,500 rudi gatini ukahesabu nguzo. La tatu, wastani ni 365 ÷ 5 = 73, kwa hiyo 71, 72, 73, 74, 75. La nne lina njia tatu, kwa vigawo 3, 19 na 57: 37 + 38 + 39, 27 + 28 + 29 + 30, na ile ndefu inayowachelewesha wengi, 4 hadi 15.